Harusi Kama Tishio kwa Uhai wa Kamati

Nchi inayohusika na taarifa hii ni moja kati ya nchi tano za Ukanda. Jina lake halihitajiki: wanaoishi humo wanalijua, na wasioishi humo hawajauliza. Ina mlima mmoja, reli moja na Chama kimoja cha Wahasibu, ambacho kwa kweli si chake peke yake bali ni cha nchi zote tano. Mlima wake mtu anaweza kuupanda na kushuka. Reli yake humpeleka mtu na kumrudisha. Chama kina mlango wa kuingilia.

Raia wa nchi hiyo wana desturi moja ambayo lazima ielezwe mapema. Wakikutana kupanga harusi, msiba, ubatizo au safari ya kwenda kumwona mgonjwa, jambo la kwanza wanalofanya ni kuchagua mwenyekiti. La pili ni kumtafuta mhasibu aliye karibu na kumfanya mweka hazina. Haulizwi kama ana nafasi. Anapigiwa makofi, na makofi yakishapigwa hayarudishwi.

Kwa sababu hiyo wahasibu wengi wa nchi hiyo walikuwa wakificha kazi yao. Mmoja, mtu wa benki mwenye vyeti vitatu, aliwaambia wakwe zake kwamba anauza mkaa, na ili waamini alikuwa akipaka masizi kwenye kola ya shati kila alipokwenda kuwasalimu. Chama kilipopata habari hizo kilihuzunika. Msajili Mkuu alisema kwamba mhasibu anayejificha ni sawa na askari anayeacha bunduki kichakani, na ndani ya mwezi huohuo ikatoka Kanuni ya Beji. Kila mwanachama alipewa beji ya shaba yenye ukubwa wa kisosi, avae kifuani wakati wote isipokuwa bafuni, na huko bafuni aitundike mahali inapoonekana.

Baada ya beji ndipo ikaja Kanuni ya Usimamizi Mpana. Hii ilisema kwamba kundi lolote la watu ambalo mwanachama wa Chama ametia mkono katika hesabu zake ni taasisi, na litasimamiwa kwa vigezo vilevile vinavyosimamia mabenki, bandari na mashirika ya bima.

"Hakuna kundi dogo," alisema Msajili Mkuu siku ya kuizindua, mbele ya mawaziri watano wa nchi tano. "Kuna kundi ambalo bado hatujalifikia."

Mawaziri walisimama wakapiga makofi. Kama ilivyoelezwa, makofi ya nchi hizo hayarudishwi.

*

Bi Astuda Mwaluko alikuwa mhasibu mkuu wa kiwanda cha magodoro. Alikuwa mjane, mama wa binti mmoja aitwaye Subilaga, na mtu ambaye katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuweka sahihi chini ya jambo asiloliamini. Wafanyakazi wenzake walilichukulia hilo kama ugonjwa usioambukiza.

Subilaga alipoposwa na Yotamu, fundi wa majokofu mwenye sauti ya upole na mikono yenye makovu ya gesi, mama yake aliweka sahihi ya ridhaa ya mzazi kwenye karatasi za kanisa siku ileile. Katika nchi hiyo ndoa haisimami bila sahihi hiyo. Alipomaliza aliinuka, akafungua kabati, akatoa kitenge ambacho alikuwa amekinunua tangu Subilaga akiwa darasa la sita, akakitazama, akakirudisha.

Kamati ya harusi ilikutana nyuma ya Baa ya Tausi, karibu na jiko la nyama choma, kwa sababu nchi hiyo haina mahali pengine panapojulikana pa kupangia harusi. Aliyeitisha kikao alikuwa kaka yake Bi Astuda, Ambilikile, mkuu wa stesheni mstaafu, ambaye bado alizungumza kana kwamba kuna treni inaondoka.

"Mwenyekiti nimeshakuwa mimi, hilo tusipoteze muda," alisema. "Mweka hazina?"

Watu wote waliigeukia beji.

"Mimi ni mama wa bibi harusi," alisema Bi Astuda. "Mama hawi mweka hazina. Mama analia."

"Utalia huku unaandika, dada. Makofi!"

Yakapigwa. Mchoma nyama naye alipiga, kwa koleo lake.

*

Kikao cha pili kilihudhuriwa na mgeni. Alikuwa Bwana Kornelio, Mkaguzi wa Chama Daraja la Kwanza, kijana mwembamba mwenye adabu nyingi. Alikataa kiti alichopewa, akaeleza kwamba kiti ni fadhila na fadhila inapinda maoni ya mkaguzi, kisha akafungua kigoda cha kukunja ambacho Chama kiliwagawia wakaguzi wake wote, akaketi chini kidogo kuliko wengine. Alikataa pia moshi wa nyama, akahamia upande upepo unakotoka.

"Nimekuja kuisajili taasisi," alisema. "Inaitwaje?"

"Taasisi gani, mwanangu?" aliuliza Mjomba Ambilikile. "Hapa ni harusi ya Subi."

Kornelio aliandika: Harusi ya Subi, Taasisi.

Alianza na mbuzi. Ndugu mmoja wa kijijini alikuwa ameshaleta beberu la kuchomwa ndafu, limefungwa kwenye nguzo ya baa, linakula katoni za soda. Kornelio alilizunguka mara mbili. Alisema kwamba hiyo ni mali hai, kwamba mali hai inatakiwa kuthaminiwa mwisho wa mwaka ikiwa hai, na kwamba kwa hiyo haiwezi kuchinjwa kabla ya mwisho wa mwaka.

"Na baada ya mwisho wa mwaka?" aliuliza mchoma nyama.

"Utakuwa umeanza mwaka mwingine."

Watu walicheka. Walidhani ni mtu wa mzaha, na Mjomba akamwagizia supu, ambayo nayo aliikataa. Bi Astuda peke yake hakucheka. Aliijua Kanuni, na alikuwa ameanza kuona ukurasa unaofuata.

"Swali la mwisho," alisema Kornelio. "Ni la kawaida, naliuliza kila taasisi. Je, kamati hii inatarajia kuendelea kuwepo kwa miezi kumi na miwili ijayo?"

"Kuwepo wapi?" Mjomba alishangaa. "Sisi tukishakula na kucheza, kila mtu kwake."

Kornelio aliacha kuandika.

"Kwa hiyo mnafahamu tarehe ambayo taasisi itakufa."

"Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane," alisema Mjomba kwa furaha. "Na itakufa imeshiba!"

"Na chanzo cha kifo?"

"Harusi, si nimekwambia?"

Bwana Kornelio alifunga kalamu yake. Uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli, kama ya daktari ambaye bado hajazoea. Alieleza kwamba Chama hakiwezi kutoa hati safi kwa taasisi inayojiandaa kujiua. Alisema amepima mambo yote: wanachama wa kamati wana afya, michango inaingia, beberu linanenepa. Kulikuwa na tishio moja tu kwa uhai wa kamati hiyo, nalo lilikuwa harusi.

"Mkiiondoa harusi," alisema, "hii ni mojawapo ya taasisi imara kabisa nilizowahi kukagua."

*

Ni haki kusema kwamba familia ilijaribu njia zote za kistaarabu.

Kwanza walifikiria kufunga ndoa hivyohivyo na kuachana na hati. Bi Astuda aliwasomea kifungu. Mwanachama aliyejua kwamba taasisi iliyo mikononi mwake inakwenda kufa, na asitoe taarifa ili izuiwe, anafutwa. Kufutwa si kutoka: aliyefutwa anaendelea kuvaa beji, ila kichwa chini. Na sahihi zake zote, tangu siku ya kiapo, zinahesabiwa hazikuwekwa.

"Zote?" aliuliza Yotamu.

"Zote. Mishahara ya kiwandani. Hesabu za magodoro." Bi Astuda alikifunga kitabu cha Kanuni. "Na ile ya kanisani."

Kwa maneno mengine, akijua siku ya harusi na kukaa kimya, ndoa ya mwanawe ingekosa ridhaa ya mzazi na kuwa si ndoa. Akijua na kusema, isingefungwa kabisa.

Pili walifikiria nchi jirani. Mjomba alikuwa na rafiki stesheni ya ng'ambo, mtu wa kuaminika, mwenye ukumbi. Lakini Chama ni cha Ukanda mzima. Mipaka ya nchi zile tano inazuia nyanya, mahindi na kuku wasio na cheti. Kanuni za Wahasibu zinapita bila kuonyesha chochote.

Tatu, Bi Astuda alikwenda mwenyewe kwa Msajili Mkuu kuomba kujitoa uanachama.

Ofisi ya Msajili Mkuu ina zulia refu la kijani, na wageni wanaombwa kutembea pembeni yake. Msajili mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, mwenye shavu laini na tabia ya kutabasamu kabla ya kusikia.

"Kujitoa kunawezekana kabisa, Bi Astuda," alisema. "Chama hiki ni cha hiari. Sharti ni moja: uwe umekabidhi taasisi zako zote kwa mwanachama mwingine."

"Niko tayari kukabidhi leo."

"Vizuri. Naye atapokea taasisi yenye hati safi tu. Hakuna anayetaka kurithi maiti."

"Hati safi nitaipata kamati ikionekana itaendelea."

"Hasa."

"Na ikionekana itaendelea, maana yake harusi haipo."

"Umesoma vizuri sana. Ulipata alama ngapi za mtihani wa mwisho?"

Bi Astuda alisema, "Mheshimiwa, huyu ni mtoto wangu mmoja. Nataka tu kukaa kiti cha mbele kanisani, mtoto aolewe, nirudi nyumbani. Sitaki kitu kingine kwa Chama wala kwa mtu yeyote."

Msajili alimsikiliza mpaka mwisho, na ni kweli kwamba macho yake yalilainika.

"Nakuelewa kama mzazi," alisema. "Mimi mwenyewe nina kamati mbili za ubatizo. Mkubwa ameshaanza sekondari."

Akambonyezea kengele ya kutokea. Kengele ilimwita mhudumu, mhudumu akampeleka kwenye chumba cha kungojea, na chumba cha kungojea kilikuwa na mlango mmoja, unaorudi kwenye zulia la kijani. Alipata njia ya kutoka jioni, nyuma ya wasafishaji.

*

Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane ilipita. Watu walikutana Baa ya Tausi wakiwa wamevaa kawaida. Beberu lilithaminiwa.

Mwaka wa kwanza kamati ilipata hati safi. Bwana Kornelio aliileta mwenyewe, imefungwa kwa fremu, na wajumbe wachache waliokuwa bado hawajaelewa wakampa mkono kwa furaha.

Mwaka wa pili Chama kilitoa mwongozo kwamba taasisi inayoendelea lazima iwe na ofisi, na taasisi yenye ofisi lazima iwe na mtendaji. Mjomba Ambilikile, ambaye mwanzoni alikuwa akimwita Kornelio "yule mtoto wa kigoda", alipewa kiti kinachozunguka na kibao cha mlangoni kilichosomeka Mwenyekiti Mtendaji. Alikizungusha kile kiti mara moja, kwa mzaha. Kisha akakizungusha tena, taratibu.

Tangu alipostaafu stesheni hakuna aliyewahi kumngojea mlangoni. Sasa walikuwa wakingoja. Wapambaji walingoja, wapishi walingoja, washereheshaji watatu walioitwa kwa usaili walingoja wakifanya mazoezi ya kuchekesha kwenye korido. Alianza kusema "tunalifanyia kazi". Alitunga Mpango Mkakati wa Harusi wa miaka mitano wenye dira isemayo: Kuwa kamati ya harusi inayoongoza katika Ukanda.

"Mjomba," Subilaga alimwambia siku moja alipokuja ofisini na chakula, "hivi tutaoana lini?"

"Harusi ni mchakato, Subi."

"Mjomba, wewe ulioa wiki mbili baada ya kumwona shangazi kwenye behewa."

"Ndiyo maana nakwambia. Tulikurupuka."

"Mna wajukuu kumi na mmoja!"

"Hawana hati hata mmoja," alisema Mjomba, akageuza kiti kuelekea dirishani.

Mwaka wa tatu kamati ilishinda tuzo. Ujumbe ukaja kutoka nchi nyingine nne kujifunza jinsi kamati ya harusi inavyoweza kudumu. Walipitishwa vyumbani: idara ya keki, dawati la matarumbeta, kitengo cha tathmini ya mvua. Mwishoni walionyeshwa bibi harusi mtarajiwa na bwana harusi mtarajiwa, waliokuwa wameketi kwenye viti viwili vyenye vitambaa vyeupe. Mjumbe mmoja aliuliza kama wanatumika.

"Hapana," alieleza Kornelio. "Wakitumika wanaisha."

Yotamu alicheka peke yake, kicheko kimoja kifupi. Baadaye mlinzi alimsikia akimwuliza Subilaga, "Wewe unaniona mimi ni mali ya kudumu?" na Subilaga akajibu, "Wewe ni mali ya kudumu, tatizo hawa wamekufungia ghalani." Mlinzi alicheka pia, na kwa hilo aliandikiwa onyo.

*

Bi Astuda aliendelea kuweka hesabu. Ziliwekwa vizuri. Mtu yeyote atakayedai kwamba alizembea ili kamati ife yenyewe hamjui. Alijaribu kuzembea mara moja, jioni nzima, akiwa ameketi mbele ya jedwali lenye kosa ambalo alikuwa ameliingiza makusudi. Kabla ya kulala alilirekebisha.

Kila mwaka alitakiwa kusimama katika mkutano mkuu na kujibu swali moja: kama analijua tukio lolote, lililotokea baada ya kufunga hesabu, ambalo linatishia uhai wa taasisi. Kila mwaka alijibu kwamba halijui, na kila mwaka ilikuwa kweli.

Mwaka wa nne, wiki chache kabla ya mkutano huo, Subilaga alimkuta jikoni akichambua mchele. Alivuta kigoda akaketi, akaanza kuchambua upande wa pili wa ungo.

"Mama, mimi na Yotamu tumekaa tukazungumza."

"Mm."

"Hatutaki hela ya kamati. Wala keki yao. Wenzake wa karakana wameshachanga, ni chakula kidogo tu cha watu wa kanisani na majirani. Mchungaji bado anazo zile karatasi zenye sahihi yako. Tumepanga siku."

Mkono wa Bi Astuda ulisimama juu ya mchele.

"Usiniambie."

"Mama?"

"Usiniambie siku, Subi. Usiniambie saa. Nikijua, nitaulizwa. Nikiulizwa, siwezi kusema uongo, unanijua."

"Utasema hujui tu! Kila mtu anasema hajui. Mjomba anasema hajui mpaka jina la mkewe!"

"Nikisema hivyo huku najua, siku wakigundua sahihi yangu inafutika. Na wewe utakuwa umeishi na mume bila ndoa, na watoto wenu vilevile. Mimi wanipindue beji, sawa. Wewe hapana."

Subilaga alichambua mchele ambao ulikuwa umekwisha kuchambuliwa.

"Kwa hiyo niolewe mama yangu hayupo."

"Olewa."

"Nani atakaa mbele?"

"Aketi shangazi yako. Ana kofia nzuri."

"Mama, hilo si jibu!"

"Najua si jibu." Bi Astuda aliinua ungo, akapepeta ingawa hapakuwa na makapi. "Basi tu, mwanangu. Fanyeni. Mimi nikiwa sijui, nyie mko salama. Ndiyo kazi niliyobakiwa nayo katika harusi hii: kutojua. Niachie niifanye vizuri."

Kisha Subilaga aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia jambo jingine kabisa, "Mkutano wenu mkuu mwaka huu unafanyika wapi?"

"Jumba la Chama, ghorofa ya tatu. Upande wa barabara."

"Saa ngapi?"

Bi Astuda alimtazama mwanawe kwa muda. Ratiba ya mkutano ilikuwa imebandikwa kwenye kila nguzo ya mji, na kumjulisha mtu jambo lililotangazwa si kosa.

"Saa nne," alisema. "Kipengele cha matukio huwa kinafikiwa kwenye saa sita."

Akaenda kuosha mchele.

*

Mkutano Mkuu wa Nne wa Harusi ya Subi, Taasisi, ulifunguliwa kwa wimbo wa Chama. Wajumbe walitoka nchi zote tano. Msajili Mkuu alituma salamu. Viti viwili vyenye vitambaa vyeupe vilikuwa vitupu, na taarifa ilitolewa kwamba watarajiwa wameomba udhuru kwa sababu za kifamilia. Udhuru ulikubaliwa. Bi Astuda, aliyeketi mbele pamoja na watendaji, aliandika neno "udhuru" na hakuinua kichwa. Shingoni alikuwa amejifunga kitambaa kilichokatwa kwenye kitenge ambacho mpaka siku hiyo hakuna aliyewahi kumwona nacho, beji ikiwa juu yake.

Taarifa ya keki ilisomwa. Taarifa ya mvua ilisomwa. Mjumbe wa nchi ya pili alipongeza afya ya beberu, ambalo sasa lilikuwa na ndevu za kuheshimika. Kikafikiwa kipengele cha sita.

Bwana Kornelio alisimama kutoka kwenye kigoda chake.

"Mweka hazina. Je, unalijua tukio lolote lililotokea baada ya kufunga hesabu, linalotishia uhai wa taasisi hii?"

Kabla hajajibu, matarumbeta yalisikika.

Yalikuwa mbali kidogo, upande wa kanisani, yakija. Katika nchi hiyo matarumbeta ya harusi hupigwa na vijana waliosimama nyuma ya gari la wazi, na hupigwa kwa namna ambayo hakuna ghorofa ya tatu inayoweza kujifanya haisikii. Nyuma yake kulikuwa na honi, na nyuma ya honi, vigelegele.

Kornelio aligeuka kutazama dirisha, kisha viti viwili vitupu, kisha mweka hazina.

"Narudia swali," alisema taratibu.

"Nasikia matarumbeta, Bwana Mkaguzi," alisema Bi Astuda. "Ya nani, sijaambiwa."

"Swali ni kama unalijua tukio."

"Sijaarifiwa tukio lolote. Na mtu yeyote." Sauti yake ilikuwa ileile anayosomea hesabu za magodoro. "Naomba iandikwe hivyo."

Kalamu ya Kornelio ilibaki hewani. Kijana huyo hakuwa mjinga, na ingetosha atembee hatua chache mpaka dirishani. Alikuwa ameshainua mguu.

"Majibu yametolewa!" Mjomba Ambilikile alisema kwa sauti ya stesheni, sauti ambayo hakuna aliyekuwa ameisikia tangu apewe kiti kinachozunguka. "Mkaguzi, rudi kwenye kigoda chako, hairuhusiwi kutembea kipengele kikiwa wazi. Kipengele cha sita kimefungwa. Makofi!"

Wajumbe wa nchi tano wakapiga makofi.

Kwa mujibu wa Kanuni, kinachoonekana baada ya kipengele kufungwa ni cha mwaka unaofuata, na kitaulizwa mwaka unaofuata. Kila aliyekuwemo alilijua hilo. Bi Astuda alilijua kuliko wote.

"Sasa hizo kelele," alisema Mjomba, akikaza macho kwenye makaratasi yake. "Dirisha lile lifungwe."

Mjumbe wa nchi ya nne, aliyeketi jirani na dirisha, aliinuka.

"Wewe kaa," alisema Mjomba. "Wewe mgeni. Mweka hazina atalifunga."

Bi Astuda alivuka ukumbi wote. Matarumbeta yalikuwa yameshafika chini ya jengo, na kwa sababu ambazo polisi wa barabarani hawakuzieleza, msafara ulikuwa umesimama. Alishika komeo la dirisha kwa mkono wa kulia. Wajumbe waliuona mgongo wake, na upande mmoja wa kile kitambaa ukipepea. Kipengele cha saba kilianza kusomwa. Kilikuwa kinahusu vivuli vya viti. Kilisomwa chote, kikajadiliwa, kikaungwa mkono, na matarumbeta yakamaliza wimbo mmoja yakaanza mwingine, na mweka hazina alikuwa bado anafunga dirisha. Hakupunga mkono, kwa kuwa ule wa kulia ulikuwa kwenye komeo na wa kushoto alikuwa ameuweka mdomoni.

Muhtasari wa mkutano unasema: Mweka hazina alifunga dirisha.

Kamati ilipata hati safi. Baadaye wajumbe wa nchi ya nne waliandika kulalamika kwamba dirisha linalochukua muda wote huo kufungwa ni hatari wakati wa moto. Chama, ambacho hakipuuzi malalamiko, kilipeleka fundi. Alilifungua na kulifunga asubuhi nzima, akapima bawaba zake, akaripoti kwamba halina kasoro yoyote na linafungwa kwa kidole kimoja.